Mafuta Yako Madhabahuni

Mama mkwe akija Dar es Salaam kutibiwa goti, nyumba yetu ya Tabata hubadilisha serikali. Televisheni hushushwa sauti, bia huhamia chini ya kitanda, na chakula hakiliwi mpaka kiombewe, tena kwa sala inayotaja kila ndugu aliyeko safarini na kila mgonjwa aliyeko hospitali, ugali ukipoa taratibu mezani. Hakuna anayelalamika. Mama ni mpole, mwepesi wa kucheka, na hafiki mikono mitupu: huja na mchele wa Kyela na ndizi za Tukuyu ambazo watoto huzisubiri kuliko sikukuu. Shughuli yake ni Jumapili.

Sisi wenye nyumba ni Wakatoliki wa misa ya kwanza. Saa kumi na mbili na nusu tumo kanisani, saa mbili tumerudi, chai iko mezani. Ni utaratibu mzuri: Mungu anapata haki yake, na baba mwenye nyumba anapata Jumapili yake. Mama ni mlokole. Alizaliwa katika familia ya Wamoravian wa Rungwe, kule ambako wamisionari Wajerumani walifika mwaka 1891, akabatizwa huko na kuimba kwaya huko. Kisha ujanani akaenda kusikiliza mkutano wa hadhara wa Moses Kulola, yule mhubiri wa Kanda ya Ziwa aliyezunguka nchi nzima, akaja kuanzisha kanisa la EAGT mwaka 1991 na kufariki Agosti 2013. Mama alikwenda kumwona tu, kwa maelezo yake mwenyewe. Akarudi nyumbani ameokoka. Tangu hapo, ibada inayokwisha kabla jua halijawa kali yeye huihesabu kuwa salamu.

Kwa kawaida mke wangu ndiye humpeleka. Jumapili ninayoisimulia, mke wangu, ambaye ni nesi, alipangiwa zamu ya asubuhi. Na siku hiyohiyo, saa nane kamili, kamati ya harusi ya shemeji yangu ilikuwa na kikao, na kikao kilikuwa kwetu. Aliyewahi kuwa na kamati ya harusi sebuleni kwake anajua: wajumbe husamehe ahadi ya mchango isiyolipwa, lakini kikao kisicho na chakula hawakisamehe. Dada anayetusaidia kazi, binti wa Lushoto mwenye akili na asiyependa maneno mengi, aliachiwa kuku wawili, mchele na mkungu wa ndizi za kukaanga.

Jumamosi usiku mama aliniita.

“Mkwe wangu, kesho utanisindikiza?”

“Nitakufikisha mpaka mlangoni, mama, halafu niwahi kurudi. Kuna wageni.”

“Wewe nifikishe tu, baba. Yaliyobaki Bwana atayafanya.”

Asubuhi akatoka amefunga kitenge kipya, Biblia ya zipu mkononi, na kikapu cha ukindu kilichofunikwa kitambaa. Sikuuliza kimebeba nini. Mkwe hachunguliwi kikapu.

Kanisa lenyewe, ambalo sitalitaja jina, ni banda kubwa la mabati juu ya nguzo za chuma, limezungukwa na maturubai kila upande kwa sababu watu wamelizidi. Vijana wenye viakisi vya njano walitupokea getini, wakatuelekeza huku na huku kwa adabu kubwa. Nikamshusha mama, nikamkabidhi kwa akina mama wawili waliomjua kwa jina, nikarudi kwenye usukani. Kwa muda huo mfupi nyuma yangu ilikuwa imesimama Noah, nyuma ya Noah basi dogo, ubavuni Harrier, na mbele ukuta. Nikamwita kijana.

“Baba, ibada ikiisha mnatoka wote,” alisema.

“Inaisha saa ngapi?”

“Roho Mtakatifu akiruhusu.”

Sensa ya mwisho nchini kuuliza watu dini zao ilikuwa ya mwaka 1967, kwa hiyo hakuna anayeweza kukutajia kwa hakika walokole ni wangapi. Mimi maegesho yale yalinipa takwimu za kunitosha. Nikazima gari. Jua la saa tatu lilikuwa limeshaanza kuoka bati la gari, nami nikaona heri nikatazame ndani, nisimame nyuma, pembeni, kama mtu anayesubiri daladala. Nafundisha historia sekondari. Kutazama bila kuingilia ndiyo kazi yangu.

Mlangoni mhudumu wa kike aliyevaa suti ya zambarau alinishika mkono. Nikamwomba kiti cha nyuma. Akatabasamu, akasema vya nyuma ni vya akina mama wenye watoto wachanga, akanivusha umati mzima mpaka safu ya tatu kutoka mbele, mita chache kutoka kwenye spika iliyonizidi kimo. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa jambo ambalo siku nzima ilikuja kulithibitisha. Kanisani kwetu mtu anaweza kujificha. Kuna nguzo, kuna benchi la mwisho, kuna wanaume wanaosikiliza mahubiri wakiwa wameegemea miti nje, na sala zote zina maneno yake tayari. Ukiyajua unaitikia, usipoyajua unachezesha midomo. Kule kwa mama kila kitu kimepangwa ili mtazamaji asiwepo.

Walianza na sifa. Kinanda, gitaa la besi, ngoma za kizungu zilizofungiwa ndani ya kioo, na kwaya ya vijana wasiosimama mahali pamoja. Besi ilinigonga kifuani kwanza, sikio likafuata. Bibi aliyekuwa kulia kwangu, mkongojo umelala sakafuni, alikuwa akiruka. Nasema akiruka: miguu yote miwili hewani. Kiongozi wa sifa akasema, “Mwambie jirani yako, usikae umenuna!” na watu wanne wakanigeukia kwa pamoja kuniambia nisikae nimenuna. Nikapiga makofi. Akasema, “Mshike jirani mkono!” Nikashikwa. Muziki ulipopoa wakaingia kwenye kuabudu, mikono juu, macho yamefumbwa, na mtu mzima mwenye tai kushoto kwangu alitiririkwa na machozi bila kujificha wala kujifuta.

Kisha likaja tangazo nililoliogopa.

“Wageni wetu wa leo, simameni tuwapende!”

Mimi sikusimama. Lakini mama alikuwa safu ya wagonjwa, mbele kabisa, na kwa goti lile bovu aligeuka kiti kizima akaninyooshea kidole. Kipaza sauti kikaletwa. Jina langu, ninakotoka, ninakosali. Nikataja parokia yangu. Mchungaji akauliza kwa upole, “Na umekuja kwa ajili gani, mpendwa?”

“Nimemleta mama mkwe.”

Sijawahi kusema sentensi iliyopokewa namna ile. Banda zima lililipuka haleluya, akina mama wakapiga vigelegele, na mchungaji akahubiri hapohapo, kwa dakika zisizopungua kumi, juu ya Ruthu aliyekataa kumwacha mama mkwe wake. Saa yangu ilisema saa nne na nusu. Neno lenyewe lilikuwa bado.

Wakati wa kunena kwa lugha ndipo nilipojaribu kuirudia kazi yangu ya kutazama. Haikuanza kwa fujo kama nilivyotarajia. Mchungaji alipunguza sauti, kinanda kikabaki kwenye noti moja ndefu, na kutoka kona ya akina mama ikaanza sauti, ikapokewa, ikaenea, mpaka kila mtu akawa anasema lake, silabi zikifuatana haraka kwa mdundo uliokuwa na pumzi zake na vituo vyake. Mpiga kinanda hakufumba macho. Alikuwa anamwangalia mchungaji mkono. Mkono ulipoinuka, banda zima likanyamaza kwa pamoja. Mtume Paulo katika waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 14, anauliza mgeni akiingia na kuwakuta wote wananena kwa lugha, je, hatasema wana wazimu? Anaagiza wanene wawili, wakizidi watatu, na awepo wa kufasiri. Agizo hilo halikuzingatiwa siku ile. Lakini wazimu haunyamazi kwa ishara ya mkono, na hilo nililiona kwa macho yangu.

Na walokole wana jibu lao. Katika Matendo ya Mitume watu walipowadhania wanafunzi wamelewa, Petro aliwaambia haiwezekani, ndiyo kwanza saa tatu. Ni saa ileile mama anayotaka awe ameshakaa kitini.

Vuguvugu lenyewe lilivyo leo mara nyingi husimuliwa kuanzia jumba moja bovu la Mtaa wa Azusa, Los Angeles, mwaka 1906. Jumba hilo lilikuwa kanisa la Wamethodisti weusi, likageuka zizi na ghala, kisha likakodiwa na mhubiri mweusi William Seymour, mwenye chongo, mtoto wa watu waliokuwa watumwa Louisiana. Kabla ya hapo Seymour alitaka kusoma kwa mwalimu mzungu, Charles Parham, mjini Houston. Sheria za ubaguzi hazikumruhusu kukaa darasani na wazungu, hivyo alisikiliza masomo akiwa kwenye ujia, mlango umeachwa wazi kidogo. Mtu huyo aliyewekwa nje ya mlango ndiye aliyeanzisha ibada ambayo weusi na weupe walipiga magoti pamoja, katika Marekani ya wakati ule, na ambayo habari zake zilivuka bahari. Kwetu, Tanzania Assemblies of God huhesabu mwanzo wake mwaka 1939, Mbeya. Nikikumbuka ujia ule wa Houston, yule mhudumu wa suti ya zambarau anaeleweka: kanisa ambalo mwanzilishi wake aliachwa mlangoni haliwezi kumwacha mgeni mlangoni.

Simu ilianza kutikisika mfukoni katikati ya sadaka. Sadaka ilikuwa na ngazi. Kwanza fungu la kumi, kwa bahasha. Kisha shukrani. Kisha ujenzi. Kisha mbegu, na hapo mchungaji akaanza na wenye laki moja, wakapita wachache. Akashuka kwa wenye elfu hamsini, elfu ishirini, elfu kumi, mpaka wenye buku, na wasio na noti wakaonyeshwa bango la lipa namba. Hapa nitasema waziwazi: mnada huu wa kushuka haukunipendeza. Kanisani kwetu pia kuna zaka, michango ya jumuiya na harambee zisizoisha, lakini hakuna anayeniona niko ngazi ipi. Bibi wa mkongojo alipita ngazi zote, kila mara na kitu kidogo. Mimi nilipita mara moja, kwa kuwa nilikuwa safu ya tatu na macho yote yalikuwa pale.

Nikainama katikati ya viti kupokea simu. Jirani akadhani nimezidiwa na Roho, akaniwekea mkono mgongoni na kuanza kuniombea.

“Baba,” ilisema sauti ya dada, “mafuta ya kula siyaoni.”

“Yako kabatini, chini.”

“Kabatini hayapo. Nimetafuta mpaka stoo.”

Mafuta yetu ni ya alizeti, ya Singida, yanauzwa kwenye chupa za maji zilizokwishatumika. Chupa yetu naijua: kizibo chake kilipotea, tukaifunga kwa mfuko wa bluu na mpira. Nikainua kichwa kumwambia dada atazame nyuma ya friji. Wakati huohuo mchungaji alikuwa anasema waliokuja na mafuta yao wayalete mbele yaombewe, na mama mkwe, akiwa ameshikwa huku na huku, alikuwa anapanda ngazi za madhabahu. Akafunua kikapu. Akatoa chupa. Mfuko wa bluu, mpira.

“Umeyaona, baba?” dada aliuliza.

“Nimeyaona. Yako madhabahuni.”

Akanyamaza kidogo.

“Madhabahuni ndiyo wapi, baba? Karibu na friji?”

Nikamwambia aazime kwa jirani.

Neno lilianza saa tano na nusu na lilikuwa zuri. Mchungaji alikuwa msemaji hasa, anayejua kuchekesha, kutisha na kufariji bila kubadilisha Biblia ukurasa. Baada ya neno yakaja maombezi, na maombezi ndiyo yaliyowaleta wengi. Watu walijipanga mbele. Wengine walipoguswa kichwani walianguka, wengine walitetemeka wakisimama, mama mmoja akaanza kupiga kelele kwa sauti nzito ikasemwa ni mapepo. Utazamaji wangu wote ulihamia kwa kundi moja ambalo hakuna aliyelitangaza: akina mama sita au saba wa makamo, kila mmoja na vitenge begani. Kazi yao ni kusimama nyuma ya anayeombewa. Akianguka wanamdaka, akishafika chini wanamfunika miguu mara moja ili asidhalilike, mmoja anamwondolea viatu, mwingine anashika mkoba wake, wa tatu anampokea mtoto wake. Hawaimbi, hawaneni, hawalii. Katika banda zima ndio pekee waliokuwa na utulivu wa manesi wa zamu. Mgonjwa mmoja aliyeishiwa nguvu hawakumwachia mchungaji. Walimpeleka pembeni wakampa uji.

Kisha yakaja mafuta yenyewe, yale ya kanisa, ya kupakwa. Mstari ulipoanza kusukumana nilisimama bila kujijua. Februari 1, 2020, katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa kwenye ibada ya jioni waliposongamana kukanyaga mafuta ya upako kwenye kijia kimoja. Nilikuwa nawatafuta kwa macho mama na mlango. Lakini hapa wahudumu walikuwa wamefunga kamba, wakiachia safu moja baada ya nyingine, wazee na wagonjwa kwanza, na mapazia ya maturubai yote yamefunguliwa. Kanisa lolote linaloita watu mbele kwa wingi lina wajibu huo kabla ya muujiza wowote: kamba, nafasi na milango wazi.

Saa saba na nusu. Nilikuwa natazama saa yangu tena, na hilo likaonekana. Mhudumu wa suti ya zambarau akanong’ona na wenzake wawili, wakaja.

“Baba, tumeona una mzigo.”

“Sina mzigo, nina kikao.”

“Tukuombee?”

Safu ya tatu haikatai. Wakaniwekea mikono, mmoja kichwani, wawili mabegani, na mzee mmoja akapaza sauti kulikemea pepo la haraka. “Toka! Pepo la haraka, toka! Unayemwangalisha saa mtumishi huyu!” Nyuma yangu nilisikia hatua za mama wa kitenge akijiandaa. Sikuanguka. Niliposimama wima mpaka mwisho nadhani nilimsikitisha. Lakini mzee yule alipomaliza hakuondoka. Aliniuliza kwa sauti ya kawaida kikao ni cha nini, ni wangapi, na kama chakula kipo. Nikamweleza habari za kuku, ndizi, kamati na mafuta. Akasikiliza mpaka mwisho, akaomba tena, safari hii kwa kifupi, akitaja kikao, dada aliyeko jikoni, na shemeji na mchumba wake ili waanze ndoa bila madeni. Katika kamati ile ya harusi hakuna aliyekuwa amewaombea wachumba kitu hicho.

Tulitoka maegeshoni saa nane na nusu, maana mama hawezi kuondoka bila kuwaaga waliomjua, waliomfahamu leo, na waliofanana na watu wa Mbeya. Njiani aliimba. Kikapu kilikuwa mapajani.

Nyumbani kamati ilikuwa imefika yote, jambo ambalo halijapata kutokea. Mwenyekiti alikuwa kwenye kiti changu. Pilau lilikuwa tayari na kuku amekaangwa, kwa mafuta ya kuazima kwa Bi Mkubwa jirani, bibi wa Kilwa ambaye mlango wake haufungwi. Ndizi zilikuwa zimemenywa, zinasubiri mafuta. Mama akaweka kikapu mezani jikoni, akasema goti linamuuma, akaenda kujinyoosha. Dada akafunua kikapu, akaona chupa ya mfuko wa bluu imerudi salama, na akafanya kama dada yeyote mwenye adabu: kwanza akapima kikombe kimoja akakirudisha kwa Bi Mkubwa, maana deni la jirani halilali, yaliyobaki akayamimina kwenye karai.

Ndizi zililiwa mpaka makombo. Na hapa naandika kilichotokea bila kukitafsiri. Mweka hazina alipofungua daftari, wajumbe watatu waliokuwa wakikwepa simu zake tangu kamati ianze walilipa ahadi zao palepale, mmoja kwa M-Pesa, wawili taslimu. Mwenyekiti akasema labda wameona aibu ya kula bure.

Mke wangu alirudi kazini wakati wajumbe wanaaga. Nyuma yake mama akatoka chumbani.

“Mkwe, nipatie mafuta yangu nijipake goti kabla halijapoa.”

Dada akaniangalia. Mimi nikamwangalia mke wangu, ambaye hakujua lolote na ndiye pekee aliyekuwa salama. Dada akaeleza yote, polepole, mikono nyuma: deni, ndizi, karai. Mke wangu akaanza kuomba radhi kwa Kinyakyusa. Mama alisikiliza huku akiwatazama wajumbe mlangoni, mmoja bado anafuta vidole. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akashika goti lilelile.

“Basi kamati yote imepakwa kwa ndani,” alisema. “Waacheni waende.”

Habari katika mtaa wetu hazisubiri kualikwa. Kabla wajumbe hawajaondoa magari Bi Mkubwa alikuwa ameingia na kikombe chake, hakijaguswa, kimefunikwa kisahani.

“Nasikia nimerudishiwa dawa ya mgonjwa,” alisema.

Mke wangu akasema yale mafuta yameombewa kanisani, kwa hiyo pengine yeye asingependa kuyatumia.

“Mafuta ni mafuta, mwanangu, maadamu si ya nguruwe. Lakini mimi vitumbua vyangu vinaweza kungoja, goti la mgeni haliwezi. Lete kigoda.”

Akakaa chini, akaukunja ukaya wake, akamimina mafuta kiganjani, akasema Bismillahi, na akamkanda mama mkwe goti kwa namna ya watu wa Kilwa, kutoka juu kushuka. Mama alifumba macho akaitikia Amina. Wakaulizana habari za wajukuu, wakakuta wote wawili wamewahi kulala wodi moja ya Muhimbili, miaka tofauti, na kwamba chai ya pale haina sukari.

Jumatatu mama alikwenda kliniki kama alivyopangiwa. Katika miaka yake yote ya wokovu hajawahi kukosa tarehe ya daktari, na ukimuuliza atakujibu kwamba daktari naye ni mtumishi. Alipigwa picha ya goti, akapewa mazoezi, akayafanya kwa nidhamu, akiimba. Alirudi Tukuyu anatembea vizuri kuliko alivyokuja. Kliniki inadai sifa hiyo, kanisa linadai, na Bi Mkubwa hadai lakini anaijua. Mimi mwalimu wa historia nimezoea matukio yenye sababu zaidi ya moja.

Wakatoliki wenzangu wameniuliza kama nilivutwa. Sikuvutwa, bado ni mtu wa misa ya kwanza. Lakini nimeacha kusema “wale walokole” kwa kucheka puani, na nawakumbusha wenzangu kwamba kundi la Karismatiki linalokesha parokiani kwetu nalo lina chimbuko huko Marekani, miongoni mwa Wakatoliki wa Chuo Kikuu cha Duquesne, Pittsburgh, mwaka 1967. Kelele hizo ziko ndani ya ua wetu siku nyingi. Mnada wa sadaka siupendi na sitaupenda. Wale akina mama wa vitenge, ningewachukua wote leo niwalete parokiani kwetu, ambako mwaka jana mzee alizimia kwenye misa na tukabaki tunatazamana.

Nawe msomaji, mkweo au shangazi yako akikuomba umsindikize kwenye ibada ya namna hiyo, nenda, tena uingie ndani. Egesha gari nje ya geti, mbali. Kunywa chai ya kutosha. Beba noti ndogondogo, na ujue mapema utaishia ngazi ipi. Ukiona watu wanasukumana kwenda mbele, wewe nenda mlangoni. Chakula cha wageni kipikwe usiku, na chupa ya mafuta ya kula ihesabiwe kabla ya kutoka. Wakikuuliza una mzigo gani, utaje ulio wa kweli, kwa sababu wataubeba mbele ya watu wote. Anayetaka kutazama tu, abaki nyumbani. Ingawa kwetu hata waliobaki nyumbani walipakwa.